Riba inapogeuka, nani akushauri? Benki, ajenti, mshauri huru au wewe mwenyewe

Januari 2024 nilipanga foleni kwenye duka la kubadilisha fedha mjini Mombasa nikanunua dola 2,000, kila moja shilingi 160. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja wa kanzu na kofia aliyetuhakikishia sote kwamba dola itafika 200 kabla ya Ramadhani. Ramadhani ilipoisha dola ilikuwa 130. Nikaziuza, nikiwa nimepoteza shilingi 60,000, bila kuhesabu kile ambacho duka lenyewe hukata mara ya kununua na mara ya kuuza. Mchuma janga hula na wa kwao, na sikukuu ile wa kwangu walikula.

Sikuwa na wa kumlaumu, maana hakuna aliyenishauri ila mimi, na mimi nilishauriwa na redio ya matatu. Lakini tangu hapo nimekuwa nikiulizwa swali moja na ndugu na marafiki: fulani amestaafu, amelipwa mkupuo wake, ana milioni tatu, ampelekee nani? Na kila mara naona watu wanalinganisha kitu kisichofaa. Wanauliza nani anatoa asilimia kubwa zaidi. Riba zikiwa juu kila mtu anatoa asilimia kubwa, hata asiyejua anachofanya. Ukitaka kumjua mshauri, tazama alimwambia nini mteja wake wiki ile mambo yalipokuwa yanageuka, kisha tazama yeye mwenyewe mkate wake ulitoka wapi wiki ile.

Kwa hiyo nitawaweka wanne ubavu kwa ubavu: meneja wa wateja wa benki, ajenti wa kamisheni, mtu anayejisimamia mwenyewe, na mshauri huru anayelipwa ada na mteja. Nitawapima kwa kipindi kimoja tu, Kenya kati ya 2023 na 2025, kwa sababu kipindi hicho kilikuwa na kila kitu.

Yaliyotokea

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa 160. Chanzo kikubwa cha hofu kilikuwa deni: Yurobondi, yaani mkopo wa serikali kutoka soko la nje, ya dola bilioni 2 iliyokopwa mwaka 2014 ilikuwa inaiva Juni 2024, na watu wengi sokoni hawakuamini kwamba serikali ingepata za kuilipa. Mapema Februari 2024 Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Siku chache baadaye Hazina ikakopa dola bilioni 1.5 mpya, kwa gharama iliyozidi asilimia 10, ili kununua sehemu kubwa ya lile deni la zamani. Hofu ikayeyuka, shilingi ikapanda kwa wiki chache, haraka kuliko ilivyokuwa imeshuka kwa miezi.

Mwezi huohuo iliuzwa bondi ya miundombinu, yaani serikali inakopa kwa wananchi na kuwalipa riba, ya miaka minane na nusu, riba asilimia 18.46, haikatwi ushuru. Serikali ilitaka shilingi bilioni 70. Zikaja zaidi ya bilioni 280. Dhamana za muda mfupi za siku 91, ambazo ni mkopo kwa serikali pia, nazo zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 16, ambazo ukitoa ushuru wa asilimia 15 ya faida unabaki na kama 14.

Kisha mteremko. Mfumuko wa bei, uliokuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, ulifika 2.7 Oktoba 2024. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilipunguza riba yake mkutano baada ya mkutano hadi ikafika asilimia 9 mwezi wa Desemba 2025. Dhamana ya siku 91 ikaanguka chini ya 8. Soko la Hisa la Nairobi nalo lilikuwa na safari yake: faharasa ya hisa zote ilipoteza karibu asilimia 28 mwaka 2023, ikapanda asilimia 34 mwaka 2024, wakati wengi wa waliochoka walikuwa wameshauza. Hisa ya Safaricom, iliyokaribia shilingi 45 mwaka 2021, ilipatikana kwa kama 12 mwaka 2023.

Sasa tumweke mtu hapo katikati. Mwalimu mstaafu wa Kilifi, miaka 60, mwanamke, ana milioni 3 na nyumba yake mwenyewe. Pensheni ya kila mwezi inamtosha chakula na taa, lakini anahitaji shilingi 25,000 zaidi kila mwezi: dawa za sukari, karo ya mjukuu, michango ya harusi na matanga isiyokwisha. Laki tatu kwa mwaka, yaani asilimia 10 ya mtaji wake, ikiwa imeshatolewa ushuru. Shika namba hiyo.

Februari 2024, akiweka zote kwenye dhamana za siku 91, kasi ile ni kama 420,000 kwa mwaka. Anaona ametajirika. Mwishoni mwa 2025, hata tukikadiria riba ya 8 kamili, milioni zilezile zinampa 204,000. Hakuibiwa, hakutapeliwa, hakufanya jambo la kipumbavu. Amepungukiwa na 96,000 kwa sababu tu riba iligeuka na pesa yake ilikuwa inaiva kila miezi mitatu.

Dawati la benki

Sifa ya kwanza ya meneja wa wateja ni kwamba hakuombi ada. Unapewa kiti, anakujua jina, na ukiwa na milioni tatu unaitwa kando ya foleni. Kwa mtu ambaye maisha yake yote amesimama kwenye foleni, heshima hiyo si ndogo.

Lakini meneja huyo ana rafu moja tu ya bidhaa, ya benki yake: amana ya muda maalumu, mfuko wa kampuni tanzu, bima inayouzwa kupitia benki. Mapema 2024 wastani wa riba za amana katika mabenki ulizunguka asilimia 10, nayo inakatwa ushuru wa asilimia 15. Kwa mwalimu wetu hiyo ni kama 255,000 kwa mwaka, chini ya hitaji lake, katika msimu ambao serikali ilikuwa inagawa 16 na 18. Mteja mwenye mdomo angeweza kusukuma riba ipande kidogo, lakini haingefika huko.

Na hapa pana jambo ambalo watu hulipita haraka. Mabenki ndiyo wakopeshaji wakubwa zaidi wa serikali ndani ya nchi. Amana yako ya asilimia 10 na bondi ya asilimia 18 si vitu viwili mbalimbali. Mara nyingi cha kwanza ndicho kinachonunua cha pili, na tofauti inabaki benki. Hakuna ubaya, ndiyo kazi ya benki. Lakini usitarajie yule anayekula tofauti hiyo akuonyeshe njia ya kuikwepa.

Kuna na suala la bima ya amana. Shirika la bima ya amana la Kenya hulipa hadi shilingi 500,000 kwa mwekaji mmoja katika benki moja iliyoanguka. Hadi 2020 ilikuwa 100,000. Waliokuwa na pesa Imperial Bank Oktoba 2015 au Chase Bank Aprili 2016 wanajua maana ya kuamka asubuhi na kukuta mlango umefungwa. Milioni 3 katika benki moja ni milioni 2.5 zisizo na mwavuli. Bado sijakutana na meneja anayelitaja hilo kabla hajaulizwa.

Pale benki inapomshinda kila mwingine ni pesa ya dharura, na mkopo: ukiwa na amana ya muda maalumu unaweza kukopa dhidi yake asubuhi hiyohiyo. Basi.

Ajenti

Huyu simwekei muda mrefu. Ajenti ni jirani, ni shemeji, ni mwenzako wa swala au wa kwaya, na ndiyo sababu ni vigumu kumkatalia. Anauza bima ya akiba ya miaka 10 au 15, au ploti huko ambako lami inakuja kila mwaka wa uchaguzi. Kamisheni yake kwa kawaida hukatwa kubwa mwanzoni, kwa hiyo ukiacha mpango katika miaka miwili mitatu ya kwanza unaweza kurudishiwa kidogo sana au usione kitu.

Bima ya maisha ina kazi yake kwa kijana mwenye watoto wadogo. Kwa mwalimu wa miaka 60 ambaye watoto wake wameshaoa, kumfungia pesa miaka 12 ni kumsaidia ajenti. Februari 2024 ajenti angemwambia nini? Kile alichosema Februari 2023 na atakachosema Februari 2030. Uchumi ukipanda au ukishuka, hadithi ya ajenti haibadiliki, na hiyo pekee inatosha kukuambia haizungumzii uchumi.

Kujisimamia

Miaka kumi nyuma kununua bondi ya serikali Kenya kulikuwa kazi ya suti na fomu. Tangu 2023 kuna DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu unaofunguka kwenye simu. Jina limetokana na jahazi, na ni jina zuri, ingawa hawakutoa nahodha. Unajisajili, unaunganisha akaunti yako ya benki, unaleta zabuni. Bondi inaanzia shilingi 50,000. Hakuna ada ya ununuzi, na bondi inasajiliwa kwa jina lako, si kwa jina la kampuni ya mtu. Asiyetaka kubashiri riba huleta zabuni isiyo ya ushindani, yaani unakubali wastani utakaotoka kwenye mnada. Jambo la kuangalia ni siku ya kulipa: ukishinda halafu usilipe kwa wakati unaweza kufungiwa usishiriki minada mingine.

Kando yake kuna mifuko ya soko la fedha, inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza pamoja, ile ambayo Wakenya huiita MMF tu, unayoweza kuanza nayo kwa mia chache na kutoa ndani ya siku mbili tatu. Ada ya usimamizi, mara nyingi kama asilimia 2 kwa mwaka, huwa imeshakatwa kwenye namba unayotangaziwa, ushuru bado. Mifuko mingi iliyojisifu kwa 15 na zaidi mwaka 2024 ilishuka hadi karibu 10 au chini yake mwaka uliofuata, kwa sababu ndani yake mna dhamana zilezile na amana zilezile. Mfuko hauna kisima chake. Na leseni haiondoi hatari yote: mwaka 2018 mfuko mmoja wa Nairobi ulisimamisha utoaji wa pesa baada ya kukwama na karatasi za deni la Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa. Swali la kuuliza kabla ya kuingia ni pesa imelala wapi, na jibu huwa kwenye ripoti ambayo ni wachache hufungua.

Hisa nazo zimekuwa rahisi zaidi. Tangu Agosti 2025 Soko la Nairobi linaruhusu kununua hata hisa moja, badala ya mia kwa mpigo.

Kwa gharama, basi, kujisimamia hakuna mpinzani. Tatizo la kujisimamia ni wewe. Hebu mrudie mwalimu Februari 2024, peke yake na simu yake. Upande mmoja anaona siku 91 kwa asilimia 16 na zaidi. Upande wa pili anaona miaka minane na nusu kwa 18. Jicho la kawaida linasema: kwa pointi mbili nijifunge miaka minane? Pesa iwe karibu bwana, uzee huu. Anachagua fupi. Nimezungumza na watu wazima, mahesabu wanayajua, waliochagua hivyohivyo. Hawakuona mambo mawili. La kwanza, 16 inakatwa ushuru na 18 haikatwi, kwa hiyo pengo ni 14 kwa 18.46. La pili, 16 ni ahadi ya miezi mitatu na 18.46 ni ahadi ya miaka.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ili apate laki tatu kwa mwaka kutoka kwenye bondi ile, hakuhitaji kufunga milioni 3. Milioni 1.65 zilitosha: zinaleta kama 304,600 kwa mwaka, kwa mafungu mawili, hata Benki Kuu ifanye nini. Milioni 1.35 zinazobaki zingekaa huru.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mtu anasikia 18.46, anafunga zote, kisha anahitaji pesa ya upasuaji. Bondi inauzika kwenye soko la hisa kupitia dalali, lakini kwa bei ya siku hiyo. Aliyenunua bondi ya miundombinu 2021 kwa riba ya 12 na ushei na akalazimika kuuza mapema 2024, aliuza kwa hasara, kwani nani angelipa bei kamili kwa 12 wakati duka jipya linatoa 18? Aliyenunua ya 18 akauza mwishoni mwa 2025 alipata zaidi ya alichoweka. Riba zikipanda bondi ya zamani hushuka bei, zikishuka hupanda. Watu huambiwa sentensi hiyo mara moja na kuisahau. Ikikupata ukiwa hospitali huisahau tena maisha.

Mshauri huru

Kwanza neno lenyewe. "Huru" kwenye kadi ya mtu si ushahidi wa chochote. Uingereza walilipa maana ya sheria: tangu mwisho wa 2012 mshauri wa uwekezaji haruhusiwi kula kamisheni ya kampuni ambayo bidhaa yake anampendekezea mteja, na asiyetazama soko zima hawezi kujiita huru. Kwetu itabidi maana hiyo uitafute kwa maswali. Nani anakulipa, mimi peke yangu au na mwenye mfuko pia? Ukinipeleka mfuko huu, kuna kinachokurudia kila mwaka? Ukiona jibu linazunguka kama daladala isiyo na abiria, umejibiwa.

Leseni inatolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya waliopewa iko wazi kwa umma. Jambo la pili, ambalo kwangu halina mjadala: pesa yako isiingie kwenye akaunti yake hata dakika moja. Bondi inakaa Benki Kuu kwa jina lako, mfuko una mdhamini na mtunza amana wake, hisa ziko kwenye akaunti yako ya hisa. Yeye anauza maneno. Akitaka kushika na pesa, hiyo ni biashara nyingine.

Sasa, mshauri mzuri angemwambia nini mwalimu Februari 2024? Asingeanza na bidhaa. Angemuuliza anatumia kiasi gani kwa mwezi, kwa sarafu gani, ana deni wapi, na nani anamtegemea. Kutoka hapo majibu yanajitokeza yenyewe. Matumizi yake yote ni ya shilingi, kwa hiyo dola haimhusu, hata ikiwa 160 na mzee wa kanzu anapiga kelele. Laki tatu za mwaka zifungwe kwenye bondi ndefu wakati riba iko kileleni au karibu nacho. Matumizi ya mwaka mmoja yakae kwenye MMF. Zinazobaki ziende kwenye dhamana fupi, akijua kabisa kwamba riba hiyo haitadumu. Hakuna uganga hapo, na huhitaji kujua kesho dola itakuwa ngapi. Unahitaji mtu wa kukuketisha chini kabla hujakimbilia foleni. Mimi angeniokolea 60,000 kwa kikao kimoja.

Nisimpambe sana lakini, kwa sababu namna ya kumlipa inaweza kumgeuza awe yuleyule wa benki. Wengi hupenda asilimia ya mali, tuseme 1 kwa mwaka. Kwa mwalimu ni 30,000, zaidi ya mwezi mzima wa zile 25,000 zake. Mwaka wa kwanza ameistahili. Lakini bondi ikishanunuliwa haihitaji kumwagiliwa maji. Inalipa kila miezi sita mwenyewe ukiwa umelala. Kumlipa mtu asilimia ya mali iliyolala, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka minane ni 240,000 za kuangalia.

Zaidi ya hapo, anayelipwa asilimia ya mali ana upofu wake. Tuseme mwalimu bado anadaiwa laki nne na Sacco kwa asilimia 12. Februari 2024 kulikuwa na hoja ya kuacha deni hilo likae na kununua bondi ya 18.46. Mwishoni mwa 2025, pesa yake iliyo huru ikiwa inaleta chini ya 7 baada ya ushuru, hakuna uwekezaji salama wa muda mfupi unaolingana na kulimaliza deni la 12. Ushauri sahihi umegeuka kabisa ndani ya miaka miwili. Lakini kulipa deni kunapunguza mali ambayo mshauri anaitoza. Je, atakupigia simu kukuambia? Anayelipwa kwa saa, au kwa mpango mmoja kisha kikao kimoja kila mwaka, hana cha kupoteza akisema "kalipe Sacco yako." Kwa mtu wa milioni tatu, ningelipa hivyo tu. Asilimia ya mali inaanza kuwa na maana kwa mwenye makumi ya milioni yaliyotawanyika kwenye hisa, nyumba za kupangisha, kampuni ya familia na warithi wasiosemezana, ambapo kazi ya mwaka mzima kweli ipo.

Wanne mbele ya mwalimu

Wiki ya pili ya Februari 2024, wote wanne wakiwa wamekaa meza moja: wa benki anasema weka amana miezi 12, tutakupa riba maalumu. Ajenti anasema miaka 12, na bonasi mwishoni. Mwalimu mwenyewe anasema siku 91, halafu nitaona. Mshauri wa ada anasema gawanya, milioni 1.65 zifungwe, dola uziache.

Mwishoni mwa 2025 wote wanarudi. Amana ya benki imeiva na riba mpya ni ndogo. Ajenti hana habari, mkataba unaendelea. Mwalimu aliyejisimamia anapata 204,000 na anaanza kula mtaji, au anasikiliza mtu mwenye mpango wa asilimia 5 kwa mwezi. Hapo ndipo riba inaposhuka inaponiogopesha kuliko inapopanda: mstaafu aliyezoea 14 akipewa 7 hutafuta 14 yake popote, na waganga wa pesa wanaujua msimu huo. Yule wa mshauri anapokea 304,600 zake, na swali lake pekee ni afanye nini na ile milioni na ushei iliyobaki.

Ni kweli kwamba nimechagua mwezi unaompendeza mshauri. Angeulizwa Januari 2021, akafunga pesa kwa 12 na ushei, miaka mitatu baadaye angeonekana amekosea. Lakini hata hapo, kama alifunga kiasi cha kutosha hitaji tu, mteja angekuwa na mtaji huru wa kupeleka kwenye 18. Kugawa kwa kufuata hitaji kunastahimili makosa ya kubashiri. Kufunga zote au kutofunga chochote hakustahimili.

Wasio Kenya

Msomaji wa Dar es Salaam ana rafu nyingine. Hatifungani za serikali, yaani bondi, hununuliwa kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na kuna UTT AMIS, kampuni ya serikali yenye mifuko kuanzia Umoja wa 2005 hadi Hatifungani wa 2019. Aprili 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba ya hatifungani mpya ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, kwa mpigo mmoja. Waliokuwa wameshanunua walibaki na 15.95 yao, waliokuwa wanasubiri kidogo walijuta. Mtu wa dirishani UTT atakueleza mifuko yake vizuri, na ni mifuko ya heshima, lakini kukuambia ununue hatifungani moja kwa moja si kazi yake. Nyumba mbalimbali, ukuta uleule.

Mwenye mshahara wa Maskati, Doha au Dubai amesimama upande wa pili kabisa wa kioo. Riali ya Oman, riali ya Qatar na dirhamu zote zimefungwa kwa dola, kwa hiyo huyu tayari analipwa dola kwa jina lingine. Akiogopa na kununua dola, hajafanya lolote. Januari 2024, alipokuwa mzee wa kanzu anatutisha foleni, dola 10,000 za mtu wa Maskati zilikuwa shilingi milioni 1.6. Akiziweka kwenye bondi ya Februari, mwaka uliofuata amekusanya riba ya kama 295,000, na mtaji pekee, kwa shilingi 129, unasomeka kama dola 12,400. Lakini mwenzake aliyetuma mwaka mmoja kabla, kwa 123, aliutazama mtaji wake ukishuka hadi kama dola 7,700. Kama pesa ni ya kujengea Malindi, hasara hiyo ni ya kwenye karatasi, kwa sababu fundi na mawe analipa shilingi. Kama ni ya karo ya chuo Uingereza, ni hasara ya kweli. Swali la sarafu ambalo mwalimu wa Kilifi analijibu kwa sekunde moja, kwa mtu wa Ghuba ndilo kazi yenyewe, na kwa hilo ada ya kikao kimoja cha simu ni rahisi.

Baada ya kikao hicho anaweza kununua mwenyewe kwenye DhowCSD akiwa kitandani huko Ruwi, Maskati. Atahitaji akaunti ya benki Kenya, na akishatuma fedha za kutosha meneja wa wateja atampigia kumpa riba maalumu ya amana. Aipokee simu hiyo. Amana na dhamana ya siku 91 zote hukatwa asilimia 15, kwa hiyo aweke riba anayoahidiwa kando ya ile ya mnada wa wiki hiyo, namba kwa namba kama zilivyo, kisha amjibu.